Sindano Butu za Mama

Mama alifariki siku ya Alhamisi, na Ijumaa yake watoto kumi na tisa wa chekechea walikaa kwenye mkeka, kila mmoja na kipande cha gunia mapajani, wakamngoja. Mwalimu wao hakupata mdomo wa kuwaambia. Saa nne ilipopita, msichana mmoja, waliyempachika jina la Maswali kwa kuwa hakuna asichouliza, akasema, "Mwalimu, Bibi Sindano leo kapotea njia?"

Binti wa Bibi Sindano alisimuliwa hayo msibani. Alikuwa hajalia tangu jana yake. Pale kwenye duka lao la ushonaji, mama alikuwa akikunja upindo wa suruali, akamwambia, "Nipe ule uzi wa bluu, mwanangu." Binti akageuka kwenye rafu, akauchagua, akageuka tena. Kidevu cha mama kilikuwa kimeshaangukia kifuani. Uzi ukabaki mkononi mwa binti. Aliposikia habari ya Maswali ndipo machozi yakatoka.

Miaka kumi na moja mama aliwafundisha watoto wadogo kushona kila Ijumaa, kwa sindano za plastiki na uzi mnene wa sufu. Fundi wa nguo za harusi, mikono iliyotafutwa mitaa saba, anakaa chini na watoto wanaojifuta kamasi kwa mkono wa shati! Watu walimcheka. Naye aliwajibu, "Nyinyi mnasema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nampa sindano ya plastiki. Tuone nani atakuwa na vidole kumi mwisho wa mwaka."

Baada ya siku za matanga mwalimu mkuu alikuja dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watoto wanauliza. Huwezi kutushikia ile Ijumaa?"

Binti alikubali kabla mwalimu hajamaliza. Yeye naye alikuwa fundi, hajui kazi nyingine. Akajiambia kwamba maadamu watoto wale wanashona Ijumaa, mama hajaondoka mzima mzima. Kuna mahali bado yupo. Jambo hilo ndilo lililomwamsha asubuhi kwa wiki mbili zilizofuata. Halikuwapo lingine.

Akaanza na usafi. Kwenye kabati alilikuta kopo la maziwa ambamo mama aliweka sindano za watoto. Zilikuwa zimefifia rangi, na ncha zake zimeisha, zimekuwa duara kama punje ya maharage. Akaziviringisha vidoleni, huruma ikamjaa. "Maskini mama," akasema peke yake, "macho yalikuwa yamekwisha, na sisi hatukuona." Kwa fundi, sindano butu ni aibu; hata mgeni huwezi kumwazima. Akazichoma moto nyuma ya duka pamoja na karatasi za michoro zilizoliwa na mende. Plastiki ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi.

Tusimwonee: mpya alizichagua kwa makini. Alizunguka maduka matatu. Alikunja kila sindano aone kama itakatika, akazikataa zile ngumu zinazong'aa kama kioo, maana zikivunjika zinaacha kigae. Alitaka ndefu, asije mtoto akameza. Alitaka tundu pana, uzi wa sufu upite bila kulambwa, na rangi kali, ili ikianguka mkekani ionekane. Muuza duka akamtania, "Mama, unachagua sindano au mchumba?"

"Mchumba ningekwisha kumpata," akajibu. Ndicho kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

Ncha aliitazama kama fundi anavyoitazama: je, itapenya?

Kisha akalitupa na gunia. Hakupenda kuwapa watoto wa mama yake kitambaa cha kubebea vitunguu. Akawakatia vipande vya pamba safi, mabaki ya nguo za harusi. Alidhani anamheshimu marehemu.

Ijumaa ya kwanza haikwenda. Kwenye gunia sindano hujipitia katikati ya nyuzi, hata iwe butu vipi. Kwenye pamba ilikwama. Watoto walisukuma mpaka wakachoka.

"Shangazi, sindano yako imekataa," alisema Maswali. "Ya Bibi ilikuwa haikatai. Kwa nini yako inakataa?"

Swali lile likamchoma. Alirudi dukani na zile sindano kumi na tisa, akaketi mezani na msasa laini, akazichonga moja moja. Alipomaliza aliijaribu moja kwenye pamba. Ikapita kama kwenye siagi. Akajisikia vizuri, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ijumaa iliyofuata darasa lilinyamaza kwa raha. Sindano zilipita. Maswali alikuwa wa kwanza kumaliza mstari. Jirani yake ni mvulana wamwitaye Kobe, kwa vile hata viatu huvaa mpaka wenzake wamefika nyumbani. Kobe akainama aone alivyofanya. Maswali akavuta uzi kwa nguvu, kama alivyomwona Shangazi akivuta, mkono ukaruka juu na sindano yake.

Kobe hakupiga kelele. Alifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja, akasema, "Shangazi, hakuonekani."

Daktari alisema jicho litabaki, ila kwenye mboni kumekuwa na kovu, na mtoto ataona kwa jicho hilo kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Si kwa mwezi mmoja, ni kwa maisha yake yote. Basi.

Mama yake Kobe alikuja dukani. Binti alijiandaa kutukanwa. Angetukanwa angepata nafuu. Mwanamke yule alisimama tu mlangoni.

"Kaka zake wote wawili walishona kwa mama yako," akasema. "Hata tone la damu sikuliona. Nieleze tu, dada. Uliwapa nini?"



Jioni hiyo alikuja mama mdogo, mdogo wake marehemu, akaketi kwenye kizingiti cha duka kama wafanyavyo wazee wenye magoti mabovu. Kisha kidole chake kikaanza kufuata mfereji mwembamba uliochimbika kwenye jiwe la kizingiti.

"Unajua huu ni wa nini?"

"Mama alinolea mikasi."

"Nani ananoa mkasi kizingitini, mwanangu? Hapa alikuwa anaziua ncha. Kila sindano mpya ya watoto aliisugua mpaka ife. Kisha anaijaribu hapa." Akagusa kope yake, akiwa amefumba jicho. "Akisikia hata kidogo, anarudi kusugua."

Binti aliutazama ule mfereji. Alikuwa akiuruka tangu akiwa mtoto.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimwuliza?"

Mwalimu mkuu alileta habari mwenyewe, na safari hii hakuketi wala hakutaja koleo. Wazazi wamekataa watoto kushona tena, na yeye hawezi kuwalaumu. Maswali haji tena shuleni. Mama yake anasema mtoto amenyamaza, haulizi kitu, hata chakula haombi.

Siku hizi Ijumaa, watoto wa chekechea wanapaka rangi.