Hamira ya Kupima Ngege

Mwaka ule watu walipoanza kuvua kwa dawa ya wadudu, paka wa jirani alikula kichwa cha samaki akafa. Nashon, mwenyekiti wa ufuo wetu wa Karungu, akatangaza kwamba kichwa hicho kilitoka kwenye beseni langu. Sijui nani alimwambia, labda paka. Akanipa mpaka Jumamosi nithibitishe kwamba ngege wangu, hao perege ninaouza, ni safi, la sivyo nisikanyage tena ufuoni. Mimi Awino, niliyeuza samaki pale miaka kumi na saba, sina shamba wala mume! Nilimchukia mtu huyo mpaka usingizi ukanipaa.

Aliyejitolea kunisaidia ni Risper, mwalimu wa biolojia. Alikuwa amebuni kipimo chake mwenyewe: chupa ya soda, sukari, hamira kavu, na maji yaliyokamuliwa kwenye matamvua ya samaki.

"Hamira ni seli hai, mama," aliniambia. "Ikiwa kavu ina kiu mbaya sana. Maji ya kwanza kuigusa inayafyonza tu, haichagui. Yakiwa safi, itakula sukari itoe hewa. Yakiwa na sumu, inakufa."

"Na hiyo hewa nitaionaje?"

Akatoa mkobani kondomu za bure za zahanati. "Tunavisha mdomo wa chupa. Hewa ikija, itasimama."

Yawa! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi watu walijaa ufuoni kama wamekuja matanga ya tajiri. Risper alipanga chupa tatu juani: ya maji matupu, ya ngege wangu, na ya ngege wa Nashon, maana mwenyekiti alisisitiza watu waone samaki wa mtu mwaminifu anavyokuwa. Akina mama wa kanisa walikaa mbele kabisa. Walisema wanapenda sayansi.

Baada ya muda, ya maji matupu ikasimama. Ya Nashon ikafuata, imara, ikaelekea mbinguni. Vigelegele vikapigwa. Nashon akatembea huku na huku kifua mbele, utadhani kaipuliza mwenyewe. Yangu ililala ubavuni mwa chupa.

"Mmeona?" akapaaza sauti. "Huyu mama anatuua! Aondoke leo leo!"

Risper akaniinamia. "Ulimfanya nini huyu samaki?"

"Nilimshindilia chumvi kwenye matamvua asubuhi, asiharibike."

"Chumvi nyingi inazima hamira, mama! Si nilikuambia umlete vile alivyo?"

"Muuza samaki gani anaacha ngege kwa jua bila chumvi?"

Nashon akaangua kicheko. "Sasa ni chumvi! Kesho atasema ni pilipili."

Watu wakaanza kunung'unika. Sikuwa na ngege mwingine wa kupima; wote walioletwa na mtumbwi ninaouzia samaki wake niliwauza alfajiri. Niliona miaka yangu kumi na saba ikienda hivi hivi, nikalia mbele ya watu bila aibu.

Ndipo Lynnet, mke wa Nashon, alipoinuka.

"Lakini mwalimu, huyo wa chupa iliyosimama si ndiye nilinunua kwa Awino alfajiri? Baba Frankline, huyu mume wangu, ndiye alinituma. Alisema wetu wasiletwe hapa, na watoto wasiwaguse."

Nikafuta machozi kwa leso.

"Kumbe iliyosimama ni yangu, mwenyekiti," nikasema. "Na wa kwako wako wapi, tuwapime?"

Risper, bila kutabasamu hata kidogo, akatoa kondomu ya nne. Nashon akaitazama, akakumbuka ana mkutano Homa Bay, akapanda baiskeli.

"Rudi usimamishe, mwenyekiti!" akina mama wa kanisa wakamwitia.

Lynnet hakucheka. Alienda nyumbani akaleta beseni lao, akamwaga ngege wote mchangani, akawafukia kwa jembe. Kisha akaja akakaa kando yangu, pale pale ninapouzia, akaniuliza mtumbwi wangu unaingia saa ngapi kesho.