Selika ya Mahari

Asubuhi ya Jumamosi Ngabo alizipeleka taa mbili za mbele za gari lake kwa Mama Eugénie, muuza mikate wa Base Camp, katikati ya kambi yao ya wakimbizi, akamwomba nafasi tanurini kati ya mikate. Gari lenyewe lilikuwa Selika nyekundu ya milango miwili, ya zamani, iliyoundwa kwa ajili ya mbio. Alilinunua Mbarara kwa fundi aliyechoka kulitazama. Vioo vya taa vilikuwa vimekuwa vya manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

Moto ulipolegeza gundi, Ngabo alivibandua vioo, akavisugua kwa dawa ya meno, akapaka rangi nyeusi ndani ya taa, akazungushia duara jeupe, kisha akavirudisha. Juu ya kila taa alibandika kigubiko alichokikata kwenye beseni la plastiki, na kope za mpira wa tairi. Vijana wengine wenye magari walipenda macho ya chui. Ngabo alizaliwa kwa wafugaji wa milima ya Minembwe, na macho mazuri pekee aliyoyakumbuka yalikuwa ya Gaju, ng'ombe wa baba yake. Akatengeneza hayo.

Jumapili, wakati wa ibada, gari lilipepesa macho. Jumatatu lilikula majani ya viazi ya jirani. Kabla wiki haijaisha radieta ilianza kutoa maziwa. Yalikuwa mazito, ingawa yalinuka petroli kidogo, na Mama Eugénie akayatia kwenye mikate.

Kufuga ng'ombe kulikuwa kumekatazwa pale. Ardhi ni ya kulima, walisema wakubwa wa kambi. Askari Mnyankore, mwenyeji wa nchi ile, aliyezoea kufukuza mifugo, alifika Rubondo, mtaa wa kambi alikokaa Ngabo, akalizunguka gari. Likamnusa mkono.

"Hii iko na namba," alisema. "Ngombe haina namba. Wacha ikule."

Habari hizo hazikumfurahisha Kampire. Alikuwa na miaka kumi na minane, mkubwa kuliko wote katika darasa la saba kwa sababu vita vilimchelewesha, na ulibaki muhula mmoja afanye mtihani wa kumaliza. Baba yake, Mihigo, alikuwa ametangaza zamani kwamba binti yake angeolewa na kijana yeyote atakayeleta ng'ombe. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuwa na ng'ombe, Kampire alisoma kwa amani.

Sasa Ngabo alikuja kuposa pamoja na mjomba wake, mzee Semahoro, wakiliswaga gari kwa fimbo. Wazee wa upande wa Mihigo walifungua boneti, wakakagua meno.

"Haina pembe," alisema Mihigo.

"Ata ile ya muzee Rwakabuba kule kwetu haikukuwa na pembe," alijibu Semahoro, "na ulikunywa maziwa yake myaka mingi."

"Na hizi magurudumu?"

"Ni vizuri, muzee. Haitaumia kwato."

Mihigo alitazama tena yale macho, akajifuta yake. Alikubali.

Lakini ng'ombe alishusha vigubiko na kukataa kuingia uani. Ngabo alitaka kumsukuma. Wazee walimkemea: ng'ombe halazimishwi.

"Tumuache azoee," alisema Semahoro. "Fasi ni ya kigeni."

Akamwimbia sifa polepole. Mama yake Kampire alileta chumvi kiganjani. Mzee mmoja aliinama, akamuuliza ng'ombe kwa upole kama kuna jambo linalomsumbua, wote wakasubiri jibu. Kampire aliyaona hayo akiwa amesimama mlangoni na kitabu cha hesabu. Hakuwahi kusema mbele ya wageni, lakini siku hiyo alisema.

"Baba, na miye? Mutaniuliza?"

"Nyamaza kidogo, mwana wangu," alisema Mihigo bila hasira. "Ng'ombe atashituka."

Jua lilipopoa, ng'ombe alilamba chumvi, akaingia uani kwa hiari yake. Watu wakapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata, siku ya harusi, Ngabo alituma ombi la kumbeba bibi harusi ndani ya gari lile. Mihigo alishangaa kusikia kijana wa wafugaji akisema hivyo. Ng'ombe wa mahari hapandwi. Basi shangazi walitangulia na vyungu, na Kampire akafuata nyuma na sanduku lake. Njiani alikutana na Eliane, aliyekaa naye dawati moja.

"Kampire! Unaenda fasi gani na sanduku?"

"Kwa bwana."

"Na miguu? Si Ngabo iko na motokari?"

"Alikuwa nayo. Sasa ni ng'ombe yetu."

Eliane aliona ni kweli. Alishika upande mmoja wa sanduku, wakalibeba pamoja mpaka njia panda. Eliane hakuweza kwenda mbali zaidi. Darasa la saba husoma hata Jumamosi.