Kibuyu cha Yeyo

Chwaa, chwaa, chwaa. Nilikuwa bado ndani ya blanketi niliposikia maziwa yakipiga kibuyu, nikatabasamu. Yeyo, mama yangu, alikuwa kazini. Kisha sauti ikakatika. Kishindo kikafuata.

Nilitoka bila viatu. Mama alikuwa ameketi kwenye samadi, amekumbatia mguu wa Nanyokie, ng'ombe wake mwekundu, macho ameyafumba. Maziwa yalikuwa yakinywewa na vumbi.

"Yeyo!"

"Usipige kelele, Leshan. Boma linazunguka."

Haikuwa mara ya kwanza. Majirani wetu wa Bisil walikuwa wamemnywesha supu ya mizizi, wakisema damu imepungua. Mimi nilisema ni presha. Vidonge vya kizunguzungu nilivyomnunulia vilituliza kichefuchefu na kumpa usingizi, basi. Kwa hiyo nikaamua, bila kuuliza mtu, nikamwambia palepale: atahamia kwangu mjini Kitengela, na ng'ombe wake watakamuliwa na Sandra, mke wa kaka yangu.

"Mwanamke wa hapa ni ng'ombe anaowakamua," mama alisema. "Ukimpa Sandra kibuyu changu, nitakuwa mgeni kwa boma langu. Yeye ndiye atanikaribisha chai."

Mimi hujibu hoja kwa mashairi. "Mama akitetereka, milima hutetemeka..."

"Milima imesimama. Nipe mkono niinuke."

Siku hiyohiyo tulishuka Kitengela, kwenye zahanati iliyo karibu na chumba changu. Mtaalamu wa viungo, Mbithe, alikuwa Mkamba mnene mwenye sauti ya upole. Kabla hajamaliza kusalimu nilikuwa nimeshamweleza ugonjwa wote.

"Asante, kijana," alisema. "Sasa nataka kumsikia mwenye kichwa. Mama, mkono umekufa ganzi? Ulimi mzito? Unaona vitu viwili viwili?"

"Hapana."

"Ingekuwa hivyo ningewapeleka hospitali kubwa saa hii. Inakushika ukifanya nini?"

"Nikikamua."

"Nionyeshe."

Mama akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Basi simama. Wewe ndiye ng'ombe."

Mbithe akasimama. Mama akachuchumaa, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa Mbithe, akaanza kukamua pindo la koti lake jeupe huku akimwimbia wimbo wa kumtuliza ng'ombe. Nilitaka nchi inimeze. Alipogeuza uso kulia, wimbo ukakatika, akamshika Mbithe mguu kwa mikono miwili.

"Ni hapo!" alisema Mbithe, akicheka na kumshikilia. "Ndani ya sikio kuna chembe ndogo kama mchanga. Za kulia zimetoka mahali pake. Ukigeuka hivyo zinateleza, na kichwa kinadhani unazunguka. Dawa haizirudishi. Tutazirudisha kwa kukigeuza kichwa."

Alimketisha kitandani, akamgeuza uso kulia, akamlaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Macho ya mama yakaanza kurukaruka. Akapiga ukelele.

"Utamvunja shingo!" Nilikuwa nimeshasimama.

"Keti, Leshan," mama alisema akiwa chali, meno ameyauma. "Ama ushike mguu wangu. Chagua."

Nikashika mguu. Mbithe akangoja macho yatulie, akakigeuza kichwa kushoto, akangoja tena. Akamviringisha alale ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, kisha akamwinua polepole. Mama aliketi wima. Akageuza uso kulia. Akaugeuza tena, taratibu, kama anayechungulia iwapo mbwa mkali ameondoka.

"Imetulia," alinong'ona.

"Inaweza kurudi siku nyingine," Mbithe akasema. "Ikirudi, mje tuzirudishe. Na huyu ng'ombe hadai nyasi."

Jioni ya kesho yake nilikuwa Bisil, nimeegemea ua wa miiba. Sandra alisimama kando, mikono mitupu, akitabasamu kwa furaha kubwa kuliko yangu. Mama akakifukiza kibuyu, akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni mwa Nanyokie, akageuza uso kulia.

Chwaa. Chwaa, chwaa.

"Leshan," aliniita bila kuinua kichwa. "Ikirudi, utanihamisha?"

Nilikuwa na ubeti mzima tayari. Nikaumeza.

"Hapana, Yeyo. Ikirudi nitakuuliza wewe kwanza. Nitakupeleka kwa Mbithe, nikushike mguu, na jioni nikurudishe hapa. Kibuyu ni chako. Mimi Leshan nimesema, na Sandra amesikia."