Osea Hapendi Kuuliza Njia

Tangu walipooana, Osea hakupenda kuuliza njia. Kila mwaka kahawa ikishavunwa pale Hasamba, alimpakia mkewe Loisi kwenye pikipiki, wakatoka bila kujua wanaelekea wapi. Wakifika njia panda Osea aliuliza, "Kulia au kushoto?" Loisi akachagua. Ndivyo walivyofika Galula mara ya kwanza, wakala samaki kwa watu wasiowajua na kulala kwenye mabenchi ya kanisa. Watoto wao walipokuwa wakubwa waliwacheka. Wenyewe hawakujali. Loisi alikuwa mwoga wa mambo mengi, lakini hakuwahi kuogopa akiwa nyuma ya mume wake.

Jumapili ile, hata hivyo, walikuwa na mahali pa kwenda. Mtoto wa binti yao Teresia, aliyeolewa Msangano, alikuwa anabatizwa. Waliondoka asubuhi na baridi yake, Osea amevaa koti. Walipoanza kuteremka kuelekea bondeni, joto likawapokea, na kabla Loisi hajafungua kitenge alichojifunika, Osea alikata kona akaingia kwenye kinjia cha vumbi.

Loisi alicheka. "Umeanza, Baba Teresia."

"Twende tukaone kuna nini."

Walipita mashamba ya ufuta uliokatwa na kusimamishwa ukauke. Walivuka kijito, Loisi ameshuka na kushika viatu mkononi, maji yakimfikia magotini. Ng'ambo palikuwa na kanisa dogo lenye mlango wa bluu, watu wanaimba. Osea alipunguza mwendo ili wasikilize. Loisi aliegemea mgongo wake. Alijua watachelewa, lakini alikuwa na furaha.

Baadaye wakakuta tena kijito. Loisi alishuka tena, akaziona nyayo zake mwenyewe kwenye tope. Ng'ambo, watu walikuwa wanatoka kanisani.

"Ona kanisa zuri, Mama Teresia," Osea alisema. "Huku hatujawahi kupita."

Loisi alipanda tena, akidhani ni utani. Alimtazama usoni kupitia kioo cha pikipiki, akisubiri acheke. Osea hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mlango kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Leo tunakwenda wapi?" Loisi aliuliza polepole.

Pikipiki iliendelea.

"Osea. Tunakwenda wapi?"

"Si kwa mama? Umesahau? Anatusubiri."

Mama yake Osea walikuwa wamemzika zamani, Teresia akiwa bado mtoto wa mgongoni.

Loisi alimwomba asimame, akasingizia kiu. Alikaa chini ya kivuli cha mti. Simu haikuwa na mtandao. Pikipiki hakujua kuiendesha. Njia zote alizoziona zilifanana, na aliyekuwa akimtegemea siku zote alikuwa pale pembeni, anavua koti, anapiga mluzi. Alitamani kulia ila aliogopa kumshtua.

Mwanamke aliyekuwa anatoka ibadani alisimama kuwasalimu. Jina lake Gwantwa.

"Shikamoo mama. Mnaelekea wapi?"

"Marahaba. Msangano, mwanangu. Tumepotea."

"Hatujapotea," Osea alisema kwa upole. "Tunatembea."

Gwantwa alimtazama mzee, akamtazama Loisi, akaelewa bila kuambiwa. Alimwita mume wake, ambaye ni bodaboda, atangulie na pikipiki yake. Osea alimfuata vizuri. Mikono yake haikuwa imesahau kitu: breki, gia, mashimo ya kukwepa. Loisi alimshika kiunoni kwa nguvu njia nzima, akifumba macho kila walipofika njia panda.

Walifika ubatizo umekwisha, watu wanakula. Osea alimpakata mjukuu wake, akawasimulia wageni uzuri wa safari hadi wakacheka naye. Loisi alimvuta Teresia nyuma ya jiko, akamweleza.

"Labda ni jua tu, mama," Teresia alisema. "Baba amechoka."

"Labda."

"Tutampeleka hospitali, Vwawa."

"Tutampeleka."

Mume wa Teresia, aliyeambiwa na yule bodaboda, alikuwa ameshaficha ufunguo wa pikipiki, na hilo ndilo pekee lililokuwa limefanyika.

Jioni, jua lilipopoa, Osea alisimama akauliza viatu vyake viko wapi. Alitaka kwenda kuona kilichoko kule chini mabondeni. Teresia alianza kumzuia, Loisi akamwashiria amwache. Alijifunga kitenge, akamshika mume wake mkono, wakatoka kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Osea alikuwa anamwonyesha ndege. Loisi aliitazama kila nyumba na kila mti walioupita, akijitahidi kukariri.

"Mama Teresia," Osea alisema, "huku kuzuri."

"Ndiyo," alisema, "kuzuri." Akageuka kuangalia kama paa la nyumba ya Teresia bado linaonekana.