Mto Ulionyooshwa

Kwa miaka mingi mpimaji wa maji wa mji alimwambia dada yake asiuogope mto. Ni kweli, kiwanda cha kusafisha majitaka kilimwaga maji yake humo, na maji hayo hata yakisafishwa vipi hayakukosa vijidudu vya kuangusha mtu. Lakini mto nao ulifanya kazi yake. Ulizunguka kona baada ya kona, ukajivuta ndani ya matete, ukajianika juani. Vijidudu vingine viliuawa na jua, vingine vikazama topeni, vingine vikaliwa na viumbe wasioonekana kwa macho. Ulipofika nyuma ya nyumba ya dada, chini huko, ulikuwa karibu safi.

"Kumbe unajiogesha wenyewe," dada alisema akicheka. "Kuna watu wanaoshindwa na huo mto kwa usafi."

Kisha ukanyooshwa. Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyeongoza wakulima wa kingoni kudai hivyo, maana kila masika kabichi zao zilikwenda na maji. Katapila likakata kona, likang'oa matete, mto ukabaki mfereji kama uliopigwa rula. Mafuriko yakaisha. Maji yakaja mbio, yanang'aa, kokoto zinaonekana chini. Shemeji alipopita njiani watu walimpa mkono.

Mpimaji hakuupenda ule mng'ao. Alijaza chupa pale nyuma kwa dada, akayapandikiza maji maabarani kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu, akavifungia kwenye kabati la joto. Alipovitoa, madoa ya vijidudu yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, sawa na maji ya mdomoni mwa bomba la kiwanda. Akadhani amechanganya chupa. Akarudia. Yakawa yale yale.

Akaenda moja kwa moja kwa dada. Alimkuta kizingitini mwa jiko, mkono mmoja unaosha mchicha, mwingine umeshika tumbo.

"Unaumwa?"

"Tumbo tu. Mtaa mzima unalo. Labda ni hewa."

"Dada, mwaga hayo maji ya mto. Kuanzia leo chemsheni kila tone, hata la kuoshea mboga."

Shemeji akatokea mlangoni. "Si wewe uliyetuambia mto unajisafisha?"

"Ule wa zamani, shemeji. Ulikuwa na muda. Huu unafika hapa kabla jua halijaugusa."

"Yanang'aa kuliko ya bombani!"

"Vinavyoumiza havina rangi."

Shemeji akachota kikombe kwenye ndoo, akanywa hadi tone la mwisho huku akimtazama usoni. "Haya. Nimekufa?"

Akacheka peke yake. Dada alimpokonya kikombe.

Wiki haikuisha, shemeji akabebwa mgongoni hadi hospitali, macho yamezama, vidole vimesinyaa kama vya mtu aliyeshinda majini. Walimtundikia dripu moja baada ya nyingine. Hakufa. Sauti ilipomrudia, alimwita mpimaji kitandani.

"Matete yataota tena?"

"Yataota, yakiachwa."

"Na kona?"

Mpimaji akatikisa kichwa. Shemeji akageukia ukutani. Dada akamfunika shuka hadi shingoni, kama mtoto.

Mpimaji alitoka chumbani, akaingia ukumbini. Wauguzi walikuwa wakitandika magodoro sakafuni, vitanda vimejaa. Mwanamke mmoja amempakata mama yake kichwa, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mpimaji akachuchumaa karibu naye.

"Poleni. Mmetoka wapi?"

Mwanamke akamtajia kijiji. Mpimaji akamwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia vizuri. Kilikuwa mbali chini ya mto kuliko kwa dada, kupita daraja la mwisho, mahali ambapo hajawahi hata siku moja kupeleka chupa, kwa kuwa hakukuwa na haja.

"Huko kwenu wanaoumwa ni wengi?" akauliza taratibu.

Mwanamke hakuinua macho kutoka kwenye kijiko. "Sisi ndio tuliopata gari," alisema.