Mtetemo wa Gia ya Nne

"Usiniambie linatetemeka," shemeji yake alisema. "Niambie linatetemeka lini."

Dereva alisimama kando ya lori, kofia mkononi, mfano wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Miaka thelathini na mmoja ya usukani, na leo swali dogo hivyo lilimshinda. Wenzake walimwita Taratibu, kwanza kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku, pili kwa sababu maneno yake nayo hayakuwa na haraka ya kufika.

Alijibu mwishowe kwamba linatetemeka gia inapopanda. Si kila mara, likitaka lenyewe. Kuna siku huenda na kurudi bila neno. Kuna siku nyingine, kwenye kile kilima cha baada ya kiwanda cha matofali, gia ikitoka ya tatu kwenda ya nne, lori zima hushikwa na homa kwa sekunde mbili tatu, kisha huacha, likajifanya halijui kitu.

Shemeji yake alichomoa chaki nyuma ya sikio akaandika ukutani: kilima, tatu kwenda nne, sekunde mbili. Ukuta wa gereji yake ulijaa maandishi ya namna hiyo, mengine ya magari yaliyokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu. Alikuwa mdogo wa mke wa Taratibu, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpiga makasia, na katika mtaa ule wa mafundi hakuna aliyezijua giaboksi za otomatiki kumzidi. Wateja walimwita Chaki.

Swali lililobaki, ambalo Chaki hakuliuliza ila lilionekana machoni pake, ni kwa nini lori hilo lilipitia gereji tatu kabla ya kufikishwa kwake.

Taratibu alikuwa na jibu lake, na alikuwa amelimeza. Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta, kompyuta ikasema hakuna hitilafu. Wa pili alibadilisha oili ya gia. Wa tatu alizunguka nalo mtaani dakika ishirini, akarudi akicheka, akasema lori hili zima kuliko mwenyewe. Jana bosi alimwita, akamkaribisha kiti, na dereva akikaribishwa kiti na bosi ajue mambo si mazuri. Akamwambia kwamba afanye jaribio moja la mwisho. Ikiwa fundi wa nne naye hataona kitu, Jumatatu lori litashikwa na dereva mwingine, na yeye atakaa getini kuandika namba za magari yanayoingia na kutoka. "Labda umechoka tu, mzee wangu," bosi alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomnyima usingizi.

Maana hata yeye alikuwa ameanza kufikiri hivyo hivyo. Tangu miezi minne iliyopita alikuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na mkewe alipouliza, alisema anasikia baridi. Baba yake alimaliza miaka yake ya mwisho akilishwa kwa kijiko, mikono ikicheza juu ya shuka. Kwa hiyo lori lilipotetemeka mara ya kwanza, Taratibu hakujua atazame wapi, kwenye dashibodi au kwenye vidole vyake. Aliogopa kumletea shemeji yake lori hilo, kwa kuwa jambo lolote ambalo Chaki angeliona mchana, lingefika nyumbani kabla ya yeye kuvua viatu.

Chaki alianza kazi. Kompyuta ilisema yale yale. Alichovya kijiti cha oili, akapaka tone kwenye karatasi nyeupe, akanusa.

"Oili hii nzuri kuliko ninayopikia nyumbani," alisema. "Hakuna kilichoungua humu."

Taratibu alishuka moyo. Alikuwa ameomba, kimoyomoyo, kitu kiwe kimeungua.

Kisha Chaki akauliza kama mafundi wale watatu waliliendesha likiwa na mzigo. Swali hilo lilimfanya Taratibu acheke kwa mara ya kwanza siku hiyo. Gereji gani inapokea lori lenye mzigo? Bosi alikuwa na sheria yake: lori halikanyagi gereji mpaka lishushwe kila kitu. Na zaidi ya hapo Taratibu mwenyewe, kila safari, alilifagia bodi, akalipiga maji, akafuta mpaka taa, ndipo akalipeleka. Si vizuri kumpeleka mtu kwa daktari akiwa na matope miguuni.

Chaki alikaa juu ya tairi kuukuu akamtazama.

"Kwa hiyo mara zote tatu mmempeleka mgonjwa hospitali akiwa ameshapona."

Kabla hawajaondoka aliingia uvunguni na chaki yake, akapaka hapa na pale, kwenye nyaya, kwenye mabomba, kwenye kona za chesisi. Taratibu alipouliza ni ya nini, aliambiwa asubiri. Wakaenda ghalani kwa bosi, lori likapakiwa mifuko mia mbili ya saruji, wakashika njia ya kiwanda cha matofali, Taratibu kwenye usukani na Chaki pembeni.

Lori lilipanda kilima bila neno. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, laini kabisa. Wakageuza, wakarudi chini, wakapanda tena. Laini vilevile. Taratibu alitokwa na jasho mgongoni. Aliona kiti cha getini, daftari, kalamu iliyofungwa kwa kamba. Alitaka kumwambia shemeji yake basi, inatosha, turudi.

Chaki hakuwa akitazama mshale wa spidi wala barabara. Alikuwa ameinama akitazama chini, kwenye mguu wa kulia wa Taratibu.

"Shemeji, mbona unaachia mafuta?"

Taratibu alikana. Alikana kwa dhati, kwa kuwa hakujua. Wakapanda mara ya tatu, na Chaki akamwambia akanyage na asiachie, hata iweje. Akakanyaga. Injini ikanguruma, gia ikakaribia kupanda, na mguu ukanyanyuka wenyewe, kiasi cha unene wa kidole, ukarudi. Aliuona kwa macho yake ukifanya hivyo, na hakuwa ameutuma.

Mguu huo ulifunzwa kwenye malori ya zamani, yale ambayo gia ililishwa kwa mkono na klachi, na dereva asiyejua kuachia mafuta kwa wakati aliisikia giaboksi ikisaga meno. Lori hili la otomatiki halikuhitaji adabu hiyo, ila mguu hakuna aliyeuambia. Akiwa peke yake, jioni, amechoka, mguu ulisahau, na ndipo homa ilipokuja. Akiwa na fundi pembeni alikaa wima na kuendesha kama siku ya mtihani wa leseni.

"Wewe ndiye unayelifichia ugonjwa," Chaki alisema. "Hebu nipe usukani."

Miaka sita tangu lori hilo lije jipya, hakuna mtu mwingine aliyelikalia upande huo. Hata bosi alipanda kwa kuomba ruhusa. Taratibu aligeuza, akateremka mpaka chini ya kiwanda, akasimamisha pembeni, akashuka, akalizunguka kwa mbele polepole, akitumaini labda shemeji yake angebadili mawazo kabla hajafika mlango wa pili. Alipokuta mlango umefunguliwa kwa ndani, alipanda, akakaa, akaibana mikono katikati ya magoti.

Chaki aliendesha vibaya. Hilo lazima lisemwe. Alikuwa fundi, na mafundi huendesha magari ya watu ili wayasikie yakilia. Alikanyaga mafuta mpaka chini na kuacha mguu hapo, na Taratibu alikanyaga breki isiyokuwepo mara nne kabla ya kufika kilimani. Wakapita kiwanda, mlima ukaanza, injini ikalia, gia ya tatu ikavutika na kuvutika.

Ndipo mtetemo ulipokuja. Ulianzia chini ya kiti, ukapanda mgongoni mpaka kwenye meno. Funguo zikagongana, kioo cha pembeni kikavuruga barabara yote, chupa ya maji ikacheza mpaka ukingoni mwa dashibodi ikadondoka. Sekunde mbili, labda tatu. Kisha gia ya nne ikashika, kimya kikarudi.

"Umesikia?" Chaki aliuliza.

"Nimesikia."

Alifurahi kiasi cha kuona haya. Mikono yake ilikuwa magotini, haikugusa kitu chochote cha lori lile, na lori lilikuwa limetetemeka lenyewe. Aligeukia dirishani akajifuta macho kwa kofia, na Chaki, ambaye katika siku ya kawaida angemtania kwa hilo mwaka mzima, alijifanya anasoma bango la matofali.

Kwenye gereji Chaki hakukubali mfuko hata mmoja ushushwe. Alilikingia lori magogo kwenye tairi, akatandika boksi chini, akaingia uvunguni. Baada ya dakika kumi akamwita shemeji yake aingie naye.

Wakalala chali, bega kwa bega. Chaki alielekeza tochi kwenye mpira unaoshikilia giaboksi. Ulikuwa umepasuka upande wa juu, pasipoonekana mpaka mtu alale pale. Lori likiwa tupu, giaboksi ilitulia mahali pake. Likiwa na mzigo, likivuta mlima bila mafuta kuachiwa, injini ilijipinda na giaboksi ikanyanyuka kidogo. Juu yake ulipita mshipi wa nyaya. Asubuhi nyaya zote zilikuwa nyeupe kwa chaki. Sasa sehemu moja, urefu wa kucha, chaki ilikuwa imefutika, na hapo hapo kwenye chesisi palikuwa na doa la chuma linalong'aa.

Akausogeza waya mmoja kwa kidole. Ngozi yake ilikuwa imelika na shaba ilikuwa inachungulia. Kila giaboksi iliponyanyuka, waya uligusa chuma, na giaboksi ikapoteza hesabu ya mwendo kwa kitambo kidogo, isijue ishike gia au iachie. Ikifanya yote mawili, ndiyo homa ile.

Taratibu alikitazama kile kidoa cha shaba kwa muda mrefu. Miezi minne ya kujishuku, na ilikuwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Mpira mpya ulipatikana duka la tatu la vipuri. Waya ulifungwa upya, ukavikwa bomba la plastiki, ukahamishwa upande mwingine. Chaki mwenyewe alimpigia bosi simu, akamweleza kwa ufupi na bila kumbembeleza. Bosi akauliza kama kweli mzee alikuwa sahihi. Chaki akamjibu kwamba mzee amekuwa sahihi kwa miezi minne, na kwamba mara nyingine amsikilize kabla ya kumtafutia kiti. Kuhusu Jumatatu, bosi alisema, lori ni lake kama kawaida.

Ilibaki kulijaribu. Chaki alimrudishia usukani, akampa onyo moja tu kuhusu mguu.

Safari hii Taratibu aliukaza. Aliubana chini kwa nguvu zote, akahesabu miti ya pembeni ili asiufikirie. Kiwanda kikapita. Kilima kikaanza. Gia ya tatu ikavuta, ikavuta, na ya nne ikaingia bila hata mnong'ono. Chupa ya maji ilisimama juu ya dashibodi, maji ndani yake yakiwa yametulia.

Kila kitu kilikuwa kimetulia. Ndipo alipouona mkono wake wa kushoto, ambao alikuwa ameuacha juu ya paja bila kuushikisha kitu. Kidole gumba kilikuwa kinasugua cha shahada, polepole, mbele na nyuma, kama mtu anayehesabu sarafu. Aliurudisha kwenye usukani. Ukatulia. Siku zote ukishika kitu ulitulia, na ndiyo maana kofia haikumtoka mkononi.

Chaki alikuwa akitazama nje, anaimba wimbo ovyo, mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Lori lilikuwa zima. Jumatatu ilikuwa yake. Ilitosha kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua kuliko mtu yeyote.

Juu ya kilima palikuwa na uwanja ambapo malori husimama kupoza injini. Taratibu aliingia hapo, ingawa injini haikuwa na haja, akavuta breki, akazima. Aliwaza geti. Aliwaza pia mifuko mia mbili nyuma yake, na watoto wanaotoka shule pale chini ya kiwanda kila siku saa nane.

Akaunyanyua mkono wa kushoto, akauweka juu ya dashibodi, kiganja chini, akauacha.

"Na huu, shemeji?"

Chaki aliacha kuimba. Aliutazama mkono mpaka ulipoanza, kwanza kidole gumba, kisha vingine. Hakusema pole, wala hakumtaja dada yake. Alichukua kitambaa akafuta chaki na oili kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, halafu akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ile ile ya asubuhi:

"Unatetemeka lini?"

Taratibu alifikiri. Nje, lori la mtu mwingine lilikuwa linapanda kilima, na wote wawili, bila kukusudia, walisikiliza gia zake zikibadilika.

"Ukipumzika," alisema.

Chaki akaweka kiganja chake juu ya mkono ule, pasipo kuukandamiza, akainamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini.