Britania Aketi

Hilary Tranter alikuwa amemchonga Britania, yule mwanamke anayeiwakilisha Uingereza kwenye sarafu akiwa na ngao na simba kando yake, mara sita tangu Januari, na mara zote sita kamati ya sarafu ilimrudishia. Barua ya safari hii ilisema simba anaonekana mchovu, na mkono ulioshika mkuki wa meno matatu hauna nguvu inayostahili sarafu ya fedha ya kuwekwa na wakusanyaji. Aliisoma amesimama mlangoni mwa karakana yake, mtaani Hockley, koti bado mwilini, akaikunja na kwenda kuchemsha maji ya chai. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na siku hizi macho yalimuuma kabla hata ya saa sita mchana.

Jumamosi akamwomba dada yake Beryl aje asimame kama Britania ili amtazame akichonga. Beryl alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini, na mabega yake ndiyo hasa yaliyotakiwa. Akapewa fagio badala ya mkuki, na sinia badala ya ngao. Robo saa haikufika, akashusha fagio.

"Hivi huyu mama hachoki?" Beryl akauliza. "Anamngoja nani hapo?"

"Analinda nchi."

"Basi ailinde amekaa. Mimi bega limekufa."

Akavuta kiti, akajibwaga, fagio likimwegemea begani na mkono juu ya sinia. Hilary akamtazama kwa muda. Bibi yao alimjua Britania wa namna hiyo. Kwenye peni za shaba za zamani alikuwa ameketi. Hilary akachukua udongo wa kufinyangia.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Tawi la mzeituni mkononi mwa Britania alilipunguza majani, bahari akaiachia mistari mitatu ya mawimbi, na simba akamlaza, kidevu juu ya makucha, macho wazi. Aliutuma mchongo huo bila matumaini yoyote, kwa vile tu ulikuwa umekwisha.

Kamati ikaukubali. Katibu wao, Bwana Pargeter, alimpigia simu akamwambia kuwa mkao ule unaonyesha utulivu wa taifa, na kwamba simba sasa ana subira ya kifalme. Akamuuliza wazo lilitoka wapi. Hilary akajibu kuwa ni la dada yake, alichoka kusimama. Bwana Pargeter akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha.

Sarafu ya kwanza ililetwa Oktoba, sehemu yake isiyo na picha iking'aa kama kioo na Britania mweupe kama ukungu. Beryl akavaa miwani, akaishika kwa ukingo tu kama alivyoonywa.

"Pua si yangu."

"Ya kamati hiyo."

"Lakini bega ni langu. Unaona kabisa kwamba linauma."

Hilary akamweleza kuwa bega nalo kamati ilitaka alinyooshe, lakini yeye alikataa. Hakuwa na nguvu ya kubishana zaidi ya hapo, wala kamati haikumsukuma. Kisha akavua viatu, akajilaza kwenye benchi la karakana, na Beryl alipomaliza kuosha vikombe akamkuta amelala fofofo.